Cisco au Juniper: ipi inakuokoa mkono ukiteleza?

Kwenye swichi za mtandao za Cisco zinazotumia IOS (mfumo endeshi wa Cisco), amri huanza kazi mara tu unapobonyeza Enter. Hapo ndipo hatari ilipo. Unataka kuongeza VLAN 20 (VLAN ni mtandao uliotengwa ndani ya swichi) kwenye tranki, yaani kiungo kinachobeba VLAN nyingi, unaandika "switchport trunk allowed vlan 20" na kusahau neno "add": VLAN nyingine zote zinaondolewa papo hapo, pengine pamoja na ile uliyoingilia wewe. Swichi ikiwa mji mwingine, jiandae kwa safari. Kinga ni kuandika "reload in 10" kabla ya kugusa chochote. Ukijifungia nje, baada ya dakika 10 swichi inajiwasha upya na kurudi kwenye mipangilio iliyohifadhiwa. Mambo yakienda sawa, andika "reload cancel", ndipo uhifadhi. Ukihifadhi mapema, kinga imekufa. Na huko kujiwasha upya kunamkatia mtandao kila aliyeunganishwa, jambo ambalo hospitalini au benki si dogo hata kidogo.

Juniper wamefuata njia nyingine. Kwenye Junos, mfumo endeshi wao, unaandika rasimu tu. Hakuna kinachobadilika mpaka uandike "commit", amri ya kuidhinisha. "show | compare" inakuonyesha mistari iliyoongezwa na iliyoondolewa. Ukitumia "commit confirmed", usipothibitisha ndani ya dakika 10, mipangilio ya awali inarudi yenyewe bila swichi kuzimwa.

Kwa swichi ya mbali nachagua Junos bila kusita. IOS nayo ina "configure terminal revert timer 10", inayokaribia hapo, ila lazima uwe umeweka "archive" (hifadhi ya nakala za mipangilio) kwanza, na wengi hawaiweki.