Mshauri wa biashara alivyotaka kuuondoa mwezi Kibirizi

Eti mbalamwezi ni "muda uliopotea". Nimelipa hela zangu kuambiwa hivyo!

Nauza dagaa hapa mwalo wa Kibirizi, Kigoma. Majuzi, kabla mvua hazijakolea, nilimkodi mshauri aje achambue biashara yangu. Akaja na kompyuta na kielelezo cha kuchambua safari ya bidhaa, kilichotoka Marekani, kinaitwa SCOR: panga, nunua, tengeneza, peleka, rudisha. Kazi zako zote zinapachikwa kwenye visanduku hivyo, panapopwaya ndipo penye tatizo. Nikaona sawa, hata fundi cherehani hukupima kwanza.

Sasa kufika kwenye "nunua", akakuta kila mwezi kuna siku kama kumi sinunui kitu. Akazipaka rangi nyekundu. Nikamwambia, mwanangu, hiyo ni mbalamwezi. Dagaa wanavuliwa usiku, wanafuata taa za wavuvi; mwezi ukiwaka ziwa zima limekuwa taa, wajikusanye kwa nani? Mitumbwi inalala, watu wanashona nyavu. Akatikisa kichwa. "Mama, kielelezo hakina sehemu ya mwezi. Tafuta wauzaji wengine." Wengine wepi? Wa ziwa lipi hilo lisiloangaziwa?

Hilo ningelimeza. Lakini alimfuata bibi anayenisimamia uanikaji, mtu mzima wa kuamkiwa ungali mbali, na bila hata shikamoo akamuuliza, "Wewe, kazi yako imeandikwa wapi?" Bibi huyu anavunja dagaa mmoja tu kwa vidole, anakwambia gunia hili litafika Dar es Salaam na hili litavunda njiani. Hakumjibu. Aliokota beseni lake akaenda kukaa kivulini, na siku ile hakugusa tena dagaa. Nilimbembeleza mpaka magharibi. Nikikumbuka, damu inanichemka hadi leo.

Haya, nisiseme uongo. Kisanduku changu cha "rudisha" kilikuwa kitupu. Aliponiuliza magunia yanayokataliwa au kukatwa bei kwa sababu ya mchanga nayaandika wapi, nilibaki kumtazama. Nilikuwa nayaweka kichwani, na kichwa changu kinapenda kukumbuka mauzo tu. Tangu hapo nimefungua daftari. Karibu malalamiko yote ni ya mzigo ulioanikwa chini; wa kwenye chanja unalalamikiwa mara mojamoja. Miaka yote hii sikuwahi kuviweka viwili hivyo sambamba. Kwa hiyo mshauri huyu labda nimpe nyota tatu. Angeamkia, ningempa nne.

Hapana, mbili. Nimeitazama tena ankara yake: kuna "ziara ya ziada" na nauli ya bajaji juu yake. Ni ile siku aliyokuja akakuta mwalo mtupu, mitumbwi imelala, nami nilishampigia simu nikamwambia asije, mwezi umetoka.