Standard Horizon HX890: redio ya mkononi kwa boti inayosindikiza feri

Oda za vifaa vya doria za majini husainiwa mara nyingi Mtumba, mji wa serikali ulioko Dodoma, kilomita 450 hivi kutoka gati la Dar es Salaam. Anayesaini hulinganisha wati na bei, basi. Kwa kigezo hicho HX890 inapita bila jasho: wati 6, inaelea, inahimili maji kwa kiwango cha IPX8, ina GPS na DSC (mfumo wa kuita kidijitali, dharura ikiwemo) ndani yake. Ila wati ndiyo sifa isiyo na uzito mkubwa hapo.

Tuipime kwa kazi ngumu zaidi, ya kusindikiza meli ya abiria. Kanuni iliyo wazi kuliko nyingi ni ile ya Walinzi wa Pwani wa Marekani kwa Puget Sound, upande wa Seattle. Meli kubwa ya abiria, feri ikiwemo, huzungukwa na ukanda wa ulinzi wa yadi 500, yaani mita 457. Ukiingia humo, unapunguza mwendo mpaka ule wa chini kabisa unaotosha kushika usukani. Ndani ya yadi 100, mita 91, hakuna kusogea bila ruhusa ya doria au ya nahodha wa meli yenyewe. Ruhusa huombwa kwa redio, chaneli 16 (ya dharura na kuitana) au 13 (ya meli kwa meli).

Kati ya duara la nje na la ndani kuna mita 366. Boti inayoijia meli kwa fundo 25, kama kilomita 46 kwa saa, inazimaliza kwa sekunde 28. Muda huo ndio wa kuita, kusubiri jibu na kuita tena. Redio inayomlazimisha mlinzi kupekua menyu akiwa na glavu zilizolowa haifai, hata ingekuwa na wati 20. HX890 ina kitufe cha kwenda chaneli 16 moja kwa moja, na hicho ndicho unachokilipia.

GPS yake isikudanganye. Inakuonyesha ulipo wewe na kasi yako. Umbali wako na feri haiujui. Mita 91 hupimwa kwa kifaa cha leza au kwa jicho lililozoeshwa: ukijua feri ina urefu wa mita 40, hesabu feri mbili na robo.

Kuhusu umbali wa mawasiliano, kinachoamua ni kimo cha antena. Chukua kipeuo cha pili cha kimo kwa mita, zidisha kwa 4.12, unapata kilomita. Mlinzi aliyesimama antena ikiwa mita 2 juu ya maji anapata 5.8, feri yenye antena mita 16 inapata 16.5; jumla kilomita 22. Boti mbili ndogo, kila moja mita 2, haziendi zaidi ya 12, na ukiwa umekaa nyuma ya injini zinapungua. Kuongeza wati hakuondoi mviringo wa dunia. Boti ya doria yenye mlingoti iwekewe redio ya kudumu, hii ya mkononi iwe ya akiba.

Makosa mengi hutokea wakati wa kuiandaa. Redio zilizotengenezwa kwa soko la Marekani huja kwenye mpangilio wa huko, ambamo chaneli 13 imebanwa wati 1 na baadhi ya chaneli nyingine hazioani na za kwetu. Ibadilishe iwe ya kimataifa kabla haijapanda boti. Adapta nayo isomwe maandishi ya nyuma: ya volti 120 itaungua kwenye soketi yetu ya 230. Leseni ya masafa na MMSI, namba ya utambulisho wa redio kwenye DSC, hushughulikiwa TCRA, mamlaka ya mawasiliano. Namba hiyo yenye tarakimu tisa iingizwe kwa utulivu, watu wawili wakisomeana, maana redio huipokea mara moja tu na ukikosea inarudi kwa muuzaji. Bila MMSI kitufe chekundu cha dharura cha DSC ni pambo.

Na kitufe hicho si cha kupuuzwa. Feri ya MV Skagit, iliyozama kuelekea Zanzibar Julai 18, 2012, iliwahi kubeba abiria Puget Sound hiyohiyo. Ukanda wa ulinzi huzuia boti ya mtu mwenye nia mbaya. Bahari iliyochafuka hauizuii.

Wakati wa kupokea mzigo Dodoma, tumbukiza kila redio kwenye ndoo ya maji kwa dakika kumi, kisha fungua sehemu ya betri. Ukiona hata tone, rudisha. Jaribu mawasiliano kwa wati 1 kwenye chaneli 72, kamwe si 16, japo bahari iko mbali. Saa 11 za betri zilizoandikwa ni kwa redio inayosikiliza asilimia 90 ya muda. Msindikizaji anaongea kuliko hapo, kwa hiyo agiza betri mbili kwa kila redio. Zikikaa stoo, zisiachwe tupu wala kwenye kabati la bati linalopigwa jua la Oktoba.

Kwa boti za bwawa la Mtera ni redio ghali kuliko haja. Huko nunua mbili za bei nafuu zinazoelea, kwani moja haina wa kuongea naye. Kwa doria ya baharini inastahili nyota nne kati ya tano; moja tumeikata kwa sababu ya MMSI isiyosamehe.