Vipindi 12 vya kujifunza kuanguka, Malindi: uzoefu wangu

Nimemaliza vipindi vyote 12 vya darasa la kuanguka na kubingirika hapa Malindi, na kwa shilingi 6,000 naona pesa imeenda kihalali. Jina la ukumbi silitaji kwa kuwa huko chini nina lawama, na wenyewe nimeshawaambia ana kwa ana. Kwa ufupi: ufundishaji mzuri, mikeka ya kuridhisha, wiki ya tano haraka isiyo na sababu.

Hili si darasa la judo nzima wala aikido, ile michezo ya mapambano ya Kijapani. Ni ile sehemu ambayo Wajapani huiita ukemi, mwili kupokea, yaani kuanguka bila kuumia. Klabu nyingi huipa dakika kumi za mwanzo, kisha watu wanaanza kuangushana. Hapa imepewa wiki sita, mara mbili kwa wiki, dakika 75 kila mara.

Vipindi viwili vya kwanza hakuna anayesimama. Unalala chali, magoti yamekunjwa, kidevu kifuani, macho kwenye fundo la mkanda. Asiye na mkanda aangalie kitovu. Mikono inakutana juu ya kifua, halafu inachapa mkeka pande zote mbili kwa mpigo mmoja, viganja chini, mkono mzima kuanzia kiganja hadi karibu na kiwiko, pumzi ikitoka papo hapo. Pembe ni digrii 30 hadi 45 kutoka ubavuni. Ukiinua mikono hadi usawa wa mabega, mshindo wote unaishia kwenye kiungo cha bega. Ukiibana mno, unailalia mwenyewe. Ukitanguliza kiwiko, utakijua usiku. Baada ya kuchapa, mikono irudi kifuani upesi kama iliyogusa kikaango.

Kesho yake kinachouma si mgongo bali misuli ya mbele ya shingo. Ndivyo inavyotakiwa, kwani ndiyo inayozuia kisogo kugonga chini. Kipimo cha mwalimu kilikuwa rahisi: lala chali, inua kichwa, kikae juu sekunde 30 bila kutetemeka. Anayeshindwa anabaki chini na wenziwe wakiendelea. Wengine walinuna. Mimi naona ndicho kitu cha maana kuliko vyote darasani humo.

Kisha unachuchumaa. Siri ya kuanguka nyuma ni kukalia karibu na visigino, kama unayeketi kwenye kibao cha mbuzi, halafu mgongo uliopinda ubingirike kama mkungu wa ndizi. Kosa la kila mtu ni kujirusha nyuma mbali na visigino: tako linadondoka kutoka juu, kifandugu kinapata kishindo, mgongo unakuwa ubao na kichwa kinafuata kama nyundo. La pili ni kuachia miguu ipite juu ya uso, uzito ukahamia shingoni. Miguu isimame kuelekea dari, basi. Tulianza kuchuchumaa, tukaja nusu kusimama, na kusimama wima kukaja kipindi cha tano.

Kuanguka ubavu ni yale yale kwa mkono mmoja, isipokuwa miguu. Mguu wa chini unalala kwa upande wake wa nje, wa juu unakanyaga kwa unyayo, na kati yao pawe na nafasi ya kupita ngumi mbili. Ukiikutanisha, vifundo vinagongana mfupa kwa mfupa. Ukiipishanisha, goti moja linalipiga jingine.

Kuanguka kifudifudi walikupitisha mbio, na sioni hasara: viganja na mikono ya mbele vinatua pamoja, uso umegeuzwa kando, tumbo na magoti juu, unabaki kwenye vidole vya miguu. Ukitua kwa viganja vitupu mikono ikiwa imenyooka, ndivyo vifundo vya mikono vinavyovunjika, hata barazani kwako.

Kubingirika mbele ndiko nilikokufuata hasa. Wengi huingia wakidhani ni samasoti, ile ya utotoni inayopita utosini na kuteremka katikati ya uti wa mgongo. Siyo. Huku njia ni ya mshazari. Goti la kushoto chini, mguu wa kulia mbele, mkono wa kulia umepinda kama ukingo wa gurudumu, vidole vikielekea ndani. Unagusa mkeka kwa upande wa kidole cha mwisho, unapanda mkono, unapita nyuma ya bega la kulia, unakata mgongo na kutokea kwenye nyonga ya kushoto. Uso unatazama kwapa la kushoto, na kichwa hakigusi chini kabisa. Unamalizia kwa kuchapa kwa mkono wa kushoto, au kwa kusimama ukiwa na kasi ya kutosha.

Kinachoharibika karibu kila mara ni ule mkono. Ukilegea kwenye kiwiko, gurudumu linavunjika na unatua juu ya ncha ya bega. Hapo ndipo mtulinga unapovunjika au kiungo cha juu ya bega kinapoachana. Dawa si kukaza mkono kama mti, bali kuupinda kidogo na kuusukuma mbele, nyonga zikiinuka kabla hujapinduka. Waoga wanainama bila kuinua nyonga, wanakwama katikati, na kukwama ndiko kunakoumiza.

Kipimo chao kizuri walikifanyia ufukweni. Fulana nyeusi iliyoloa jasho, mchanga mkavu, unabingirika mara moja kisha mwenzako anausoma mgongo wako. Mstari wa mchanga unatakiwa uanze nyuma ya bega moja na kuteremka kwa mshazari hadi nyonga ya upande wa pili. Ukiona doa juu ya uti wa mgongo, ulinyooka. Ukiona doa juu ya bega tu na chini hakuna kitu, ulidondoka, hukubingirika. Wangu wa kwanza ulikuwa na madoa mawili na pengo katikati. Mgongo ulikuwa umenyooka, ukaruka sehemu ile nzima.

Kwa kipimo, mchanga unafaa. Kwa mazoezi ya kila siku haufai. Mkavu unameza makosa yako yote, na kiganja kinazama badala ya kuchapa. Wenzetu wa Lamu wenye matuta ya Shela wanaelewa nisemacho. Ule uliolowa, maji yanapokupwa, hasa huku mjini unakochanganyika na tope la Mto Sabaki, ni mgumu kama sakafu. Ukanda mzuri ni mwembamba, kati ya huo mgumu na ule wa vumbi, na lazima upitishe reki kwanza: makombe, vipande vya matumbawe, vizibo vya soda.

Sasa mikeka. Ni vipande vya povu vyenye meno, mita moja kwa mita moja, unene wa sentimita 4, vipande 48 katika eneo la mita 6 kwa 8. Sentimita 4 ndizo za kuangushana. Zile za sentimita 2 zinazouzwa kwa bei rahisi ni za karate na za kuchezea watoto, mtu asikutupe juu yake. Tatizo ni kwamba zimelazwa moja kwa moja juu ya simiti. Kuanguka mwenyewe hakuna shida, lakini ukitupwa kutoka kimo cha nyonga unausikia ukumbi mzima mifupani. Mbao za plaiwudi juu ya matairi ya zamani yaliyolazwa, kisha mikeka juu, zingeibadilisha sakafu ile kabisa, na matairi hayajawahi kuwa adimu mjini.

Kasoro ya pili ni maungio. Kila mtu anapotua, vipande vinasogea kidogo, na mwisho wa saa kuna nyufa zinazoingia kidole gumba cha mguu. Fremu ya mbao ukutani pande zote nne ingevibana. Usafi nawapa heko: malapa yanaachwa ukingoni, miguu inapanguswa, mchanga unafagiliwa kabla na baada, maana punje chache chini ya kiwiko chenye jasho zinachuna kama msasa. Kila wiki vipande vinainuliwa vikauke chini, la sivyo kwa unyevu wa pwani yetu ukungu unaota na harufu haitoki tena.

Lawama kubwa ni wiki ya tano. Walianza kutupwa na mwenzako, na mtupo wa kwanza waliouchagua ulikuwa osotogari, ule wa kufyeka mguu kwa nyuma. Huo ndio unaojulikana katika judo kwa kumgongesha mwanzilishi kisogo, kwa sababu unakwenda nyuma moja kwa moja, kwa kasi, bila kuona chini. Wangeanza na mtupo wa kupitia nyongani, polepole, mtupaji akishika mkono wa nguo na kuuvuta juu mwishoni ili mwenzake atue ubavu. Kijana mmoja aligonga kichwa, akaulizwa kama yuko sawa, akasema ndiyo, akarudishwa mkekani. Hapana. Aliyegonga kichwa amemaliza kwa siku hiyo, aseme asemavyo, na akitapika, akisinzia au kichwa kikizidi kuuma apelekwe hospitali usiku huo huo.

Watu wananiuliza kama hii itawasaidia wakianguka na bodaboda. Kidevu kifuani na kutotanguliza viganja, ndiyo, hayo yanakuwa tabia. Kuchapa, hapana: kwenye lami au kwenye ngazi za mawe kuchapa kunavunja mkono wako bure. Kule unabingirika na mikono ukiikusanya. Darasani hili lilitajwa kwa sentensi moja, lilistahili kipindi kizima.

Wanaotaka kujiunga: waulize kwanza watatupwa lini na kwa mtupo gani, na wakijibu osotogari, ombeni ubadilishwe. Vaa shati la mikono mirefu wiki mbili za kwanza, viwiko vitakushukuru. Kucha zikatwe, pete ibaki nyumbani. Usile pilau saa moja kabla.