Wahl-O-Mat: ni bure na inasaidia, lakini chama kimetoka wapi haikuambii

Kwa wale mko Ujerumani na mshapata uraia, hii tovuti ya kulinganisha maoni yako na ya vyama itumieni kabla ya kupiga kura. Ni bure, haitaki ujiandikishe, iko chini ya Bundeszentrale für politische Bildung, taasisi ya serikali ya elimu ya siasa, na imekuwepo tangu 2002. Unapewa sentensi 38, kila moja unabonyeza nakubali, sikubali au niko katikati, ukitaka unairuka, mwisho inakuonyesha asilimia yako na kila chama. Mimi nilifanyia kwa treni nikienda job na Kijerumani chake si kile cha barua za kodi, sentensi ni fupi.

Mwaka 2025 ilianza na Ukraine, iendelee kupewa msaada wa kijeshi ama la, kulikuwa na kikomo cha spidi kwa autobahn, zile barabara kuu, mshahara wa chini ufike euro 15, halafu kulikuwa na moja watu wengi wanaipita mbio, ati euro itolewe Ujerumani iwe na pesa yake.

Sasa hapo kwa euro ndio AfD, chama cha mrengo mkali wa kulia, walianzia jamani. Februari 2013, maprofesa wa uchumi kina Bernd Lucke, hasira yao ilikuwa pesa za kuokoa Ugiriki, wakapata 4.7% wakakosa bunge maana lazima ufike 5. 2015 Lucke aling'olewa uongozini na Frauke Petry, Lucke akahama chama, mwaka huohuo wakimbizi wakaja wengi na stori yote ikawa wageni. 2017 wakaingia bungeni na 12.6%, na Petry naye kesho yake tu akasema hatakaa na wenzake bungeni! Septemba 2024 wakaongoza kwa kura jimbo la Thüringen chini ya Björn Höcke, Februari 2025 wakapata 20.8%, namba mbili nyuma ya wahafidhina wa CDU/CSU, sasa ndio upinzani mkubwa. Hiyo safari yote kwa Wahl-O-Mat huioni, unaona tu jibu la leo.

Na majibu vyama vinajijazia vyenyewe, pamoja na sababu. Ukifungua ya AfD kuhusu kurudisha waomba hifadhi mpakani ni maneno yamepigwa pasi, wakati Januari 2025 kwa mkutano wa chama kule Riesa kiongozi wao Alice Weidel alisimama jukwaani akasema "remigration", yaani kurudisha wageni makwao kwa wingi, wazi kabisa na ukumbi ukashangilia. Kwa hivyo soma hizo sababu lakini pia tafuta hotuba zao, mimi sioni njia ingine.

Kitu kingine, usipogusa chochote sentensi zote zina uzito mmoja, autobahn sawa na mambo ya waomba hifadhi. Rafiki yangu mmoja nesi aliona AfD iko juu kwa listi yake akashtuka, kumbe ni mambo ya nishati na kodi, alipoweka uzito mara mbili kwa yale yanayomhusu kama mgeni ikashuka chini. Hiyo hatua msiiruke kabisa.

Zamani ulikuwa unalinganisha vyama 8 tu kwa mpigo, 2019 chama kidogo cha Volt kikaenda mahakamani Köln kikashinda, sasa unaweka vyote. Safi sana.

Nyota 4. Wa jimbo la Sachsen-Anhalt, uchaguzi wenu wa jimbo ni Septemba 2026 na AfD wanaongoza kwa kura za maoni, Wahl-O-Mat ya jimbo huwa inatoka wiki chache kabla, kwa hivyo angalieni mapema.