Treni ya Lego ya Krismasi: tazama mota kwanza, picha ya boksi baadaye

Kila ikikaribia Desemba swali ni lilelile: ninunue treni gani ya Lego izunguke chini ya mti wa Krismasi? Kabla ya rangi, kabla ya idadi ya vipande, uliza kama mota imo ndani ya boksi. Treni nyingi zinazopendeza zaidi msimu huu zinauzwa bila mota, na baadhi ya wazazi hugundua hilo usiku wa tarehe 24, maduka yameshafungwa. Hivi ndivyo ninavyozipanga.

Ya kwanza, bila ubishi, ni treni za Lego City zenye mota: ya abiria (60337) na ya mizigo (60336), zote za mwaka 2022. Mota, kasha la betri, rimoti na reli vyote vimo. Ya abiria iliuzwa dola 189.99 huko Marekani, si bei ya mchezo, ila ukinunua mota, kasha na rimoti kimojakimoja utaona kwa nini naiweka juu. Mtoto aliyekwishapanda SGR ya Dar hadi Dodoma ataitaka hiyo yenye pua iliyochongoka. Anayependa kupakia na kupakua mumpe ya mizigo, ina makontena na mtambo wa kuyanyanyua. Ukipewa iliyotumika, omba uletewe video ikitembea kabla hujatoa hela, na hakikisha rimoti ipo.

Betri usisahau: sita za AAA kwenye treni, nne kwenye rimoti. Za kuchaji zinafaa, ila kila moja ina volti 1.2 badala ya 1.5, kwa hiyo sita zinakupa 7.2 badala ya 9. Treni itatembea, lakini usitegemee mbio.

Ya pili ni treni zenyewe za sikukuu. Winter Holiday Train (10254) ya 2016 ina vipande 734 na sasa inapatikana kwa wanaouza zilizotumika au walioziweka stoo. Holiday Express Train (10361) ni ya 2025. Kwa sura hakuna City inayozifikia. Mota hazina, kwa hiyo ongeza vitu vitatu: mota ya treni 88011, kasha la betri 88009 na rimoti 88010. Kasha hilo linakaa kwenye nafasi ya vinundu (vile vya juu ya vipande vya Lego) vinne kwa vinane, na kwa 10254 jiandae kubomoa kidogo na kupanga upya, maana ilitoka kabla ya Powered Up, mfumo huu wa Lego wa mota, kasha na rimoti wa 2018. Ukiweza, liweke kasha juu ya mota. Uzito wa betri ndio unaozikandamiza tairi za mpira kwenye reli. Kasha likikaa mbali, mota itazungusha magurudumu palepale na mabehewa hayaendi popote. Baada ya hapo washa kasha la betri na rimoti kwa vitufe vya kijani, taa za rangi moja zikiwaka vimeunganika.

Nafasi nayo ipime. Duara kamili ni reli 16 za kona, na kutoka ukingo hadi ukingo ni kama sentimita 70. Msingi wa mti ukiwa mpana kuliko hapo katikati, ongeza reli za kunyooka, kila moja sentimita 12.8. Tandika kwenye sakafu au ubao. Zulia lenye manyoya huingia kwenye ekseli, na nywele ndiyo kabisa. Ukisikia mota inaguna, pindua treni utazikuta zimejisokota.

Wa miaka miwili mitatu wasibebeshwe haya. Kwao ya tatu ndiyo yao, treni ya Duplo, Lego ya vipande vikubwa vya watoto wadogo: unaisukuma, inaondoka. Reli zake haziingiliani na za Lego za kawaida, kwa hiyo usizichanganye ukitegemea kuokoa hela.

Nafasi ya nne naipa mfumo wa zamani wa volti 9, ulioanza 1991, umeme ukipita kwenye reli za chuma. Hakuna betri, inazunguka siku nzima ikichomekwa ukutani. Ni ya mtu mzima mwenye subira, anayejua kukagua mota iliyochoka. Na ukinunua kutoka Marekani, transfoma yake ni ya volti 120. Ukiichomeka kwenye umeme wetu utaiunguza.

Crocodile (10277) ya 2020 ni kichwa cha treni cha Uswisi chenye vipande 1,271. Mota inakubali, lakini si ya mtoto. Orient Express (21344) ni ya kabatini, na Hogwarts Express ile kubwa ya vipande 5,129 magurudumu yake hayaingii kabisa kwenye reli za kawaida. Nzuri zote mbili, lakini kama unachotaka ni treni inayozunguka mti, ziache dukani.