Mafunzo ya kudhibiti hasira kwa wauguzi: uzoefu wangu

Mimi ni mkunga, mwaka wa 9 sasa niko leba, wodi ya kujifungulia. Nilijiandikisha mafunzo haya ya siku 2 kwa sababu ya maneno niliyomtamkia mama wa mimba ya kwanza, saa tisa usiku: "Nyamaza, kwani ulilazimishwa?" Akanyamaza kweli. Aling'ata kanga mpaka mtoto akatoka, na hakunitazama tena. Asubuhi nilifika nyumbani, usingizi haukuja.

Kilichonifaa zaidi ni maigizo. Nilipewa nafasi ya ndugu wa mgonjwa, nikasimama mlangoni, mwenzangu akanipita mara 3 bila kunijibu. Najua ni igizo, lakini koo lilinikaba. Wale ninaowaita wakorofi wanamsikia binti yao akilia ndani, na hakuna anayewaambia lolote. Mwezeshaji alitukumbusha kuwa mapendekezo ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2018 yanataka mama awe na msindikizaji anayemchagua mwenyewe wakati wa uchungu. Kwetu vitanda vimebanana, pazia halitoshi, kwa hiyo ndugu hubaki nje. Basi mama akiridhia, nikishajaza patografu, ile chati ya maendeleo ya uchungu, natoka mlangoni nawaeleza ndugu alipofikia. Kelele za mlangoni zimepungua sana kwenye zamu yangu.

Tulifundishwa pia kuisikia hasira mwilini kabla haijafika mdomoni. Yangu huanzia kwenye taya. Kuhesabu pumzi kulinishinda, maana mtoto anayetoka hasubiri. Ila dalili ikija mapema, nakwenda kwenye sinki nanawa kwa sabuni, sekunde 40 hadi 60 kama taratibu zinavyotaka, vidole na kucha, bila haraka. Nikirudi kitandani sauti imeshashuka.

Sikuridhika na jambo moja, na ni kubwa. Usiku ule tulikuwa wakunga wawili kwa akina mama 17. Nilinyoosha mkono nikalisema, nikajibiwa hilo ni la uongozi, tuendelee na mada. Iliniuma. Mama yule alistahili mkunga mwenye upole, na upole wa saa ya kumi ya zamu unahitaji mikono ya kusaidiana. Ukumbini hapakuwa na matroni, yaani msimamizi wa wauguzi, hata mmoja.

Nendeni, wenzangu, hasa mlioko leba na mapokezi. Mimi nimeshaomba kurudia awamu ijayo, na nimemwomba matroni wetu tuende wote.