Doc Watson na Baba Mkwe Wake: Kanda za 1962 Zilizochelewa Kutoka

Wengi wanaomfahamu Doc Watson, mwanamuziki wa Marekani wa nyimbo za kijadi, wanamfahamu kwa wepesi wa vidole vyake kwenye gitaa, na kwa sababu hiyo albamu ya Doc Watson and Gaither Carlton, iliyotolewa na kampuni ya rekodi ya Smithsonian Folkways mwaka 2020, inaweza kumshangaza anayeifungua akiutarajia wepesi huo. Nyimbo zake 15 zilirekodiwa Oktoba 1962 katika maonyesho mawili madogo huko Greenwich Village, New York. Aliyezirekodi ni Peter K. Siegel, kijana mdogo wakati huo, ambaye baadaye alikuja kuwa mtayarishaji wa muziki. Kanda hizo zilikaa zaidi ya nusu karne kabla ya kutolewa.

Uzito wa albamu hii hauonekani mpaka mtu akumbuke Watson alikuwa ametokea wapi. Alizaliwa mwaka 1923 karibu na Deep Gap, North Carolina, akapofuka kabla ya kutimiza mwaka mmoja, na katika miaka ya 1950 alikuwa akipiga gitaa la umeme katika bendi ya dansi. Bendi hiyo haikuwa na mpiga fidla, hivyo watu walipotaka kucheza nyimbo za kijadi za fidla, Watson alizihamishia kwenye gitaa, noti kwa noti. Ufundi huo ulichangia sana kubadili nafasi ya gitaa katika bluegrass, muziki wa kijadi wa Marekani unaopigwa kwa ala za nyuzi, kutoka chombo cha kushikilia mapigo nyuma ya banjo na fidla hadi chombo kinachoweza kuongoza. Ralph Rinzler, mtafiti wa muziki wa kijadi, alipokutana naye mwaka 1960, katika safari ya kumrekodi mwimbaji na mpiga banjo Clarence Ashley, Watson alikuwa bado na gitaa lake la umeme.

Katika kanda hizi, mpiga fidla yupo. Gaither Carlton, aliyezaliwa mwaka 1901, alikuwa baba wa Rosa Lee, mke wa Watson, na nyimbo wanazopiga ni zile walizozoea kupiga pamoja nyumbani. Watson hana tena sababu ya kuibeba fidla ndani ya gitaa lake, na kwangu mimi hapo ndipo albamu inapopata uzuri wake: fundi huyu anamwachia mzee njia, kisha anamfuata. Kipande cha kwanza, Double File, hakina maneno hata moja, na kinatosha kumwonyesha msikilizaji uhusiano wao. Carlton hana haraka. Uta wake unakwenda kwa mapigo ya mtu aliyezoea kupigia watu wanaocheza, nao Watson hajaribu hata mara moja kumkimbiza.

Wimbo ulionikalia moyoni zaidi ni He's Coming to Us Dead. Mzee anafika kwenye ofisi ya mizigo ya reli kumpokea mwanawe anayerudi kutoka vitani. Karani anamwambia kwamba amekosea mahali, kwa kuwa abiria hushukia kwingine, na mzee anaeleza kwamba hakukosea, kwani kijana wake anakuja ndani ya jeneza. Wimbo unaimbwa bila kupandisha sauti mahali pa uchungu na bila kupunguza mwendo ili kumliza msikilizaji. Niliusikiliza mara tatu mfululizo kwa vipokea sauti vya masikioni, na kila mara nilisimama pale pale, kwenye jibu la mzee.

Kuhusu ubora wa sauti, hii ni rekodi ya jukwaani ya mwaka 1962, na haifai kudaiwa usafi wa studio. Ninachokilalamikia kweli ni ufupi wake, kwa maana nyimbo 15 za namna hii huisha msikilizaji akiwa ndiyo kwanza ameingia katika mwendo wao.

Anayetafuta gitaa la kasi aanzie kwingine. Anayetaka kuzijua zaidi siku hizo za mwanzo atanufaika na mkusanyiko wa diski mbili wa mwaka 1994, Original Folkways Recordings of Doc Watson and Clarence Ashley, unaohusu miaka ya 1960 hadi 1962 na ulio na mengi zaidi. Hata hivyo, kama ningelazimika kubaki na mmoja tu, ningebaki na huu wa Carlton, ambao ndani yake Watson anasikika akiwa mkwe kabla ya kuwa nyota.